Bustani ya Nyuma ya Nyumba Msimu wa Kaskazi: Dalili, Vyanzo na Tiba kwa Wakaazi wa Mombasa

Kaskazi ikishika, tangu Disemba hadi Machi, ua wa nyuma ndio chumba kikubwa cha nyumba nyingi hapa Mombasa. Ndani hakukaliki kwa joto. Watu hutandika mkeka chini ya mwembe, jiko la mishikaki huwashwa karibu na ukuta, na asumini huanza kufunguka jua likizama. Msimu huohuo ndio wenye malalamiko mengi zaidi ya bustani, na ukisikiliza watu wa Likoni, Kisauni, Tudor au Bamburi utaona yanafanana: majani yameungua, nyanya hazishiki, mpapai umejaa unga mweupe, mnazi unaangusha vidaka (nazi changa kabisa), mbu hawana adabu.

Nimeyapanga matatizo kwa dalili. Katika kila dalili, chanzo cha kawaida zaidi kimetangulia, na ukaguzi usiogharimu kitu huja kabla ya kutoa pesa. Ushauri wangu mkuu ni huu: kabla ya kununua dawa yoyote, chunguza maji yako. Bustani nyingi za pwani huumwa na maji kabla ya kuumwa na wadudu. Ama yana chumvi, ama humwagwa saa isiyofaa, ama yametuama mahali pasipofaa.

Mmea umenyauka

Kwanza angalia saa. Mmea ulionyauka saa saba mchana na kuinuka wenyewe jioni hauna ugonjwa. Umekunja majani yake kukwepa jua, na ukiumwagia maji mchana huo huo unaufanyia udhia bure. Utazame tena alfajiri. Ukiwa bado umelala wakati huo, hapo kuna tatizo la kweli.

Tia kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Ukiwa mkavu, kiu ndiyo sababu. Mwagilia baada ya swala ya alfajiri, polepole, shinani, mpaka maji yazame. Kumwaga kidogo kidogo kila siku huifanya mizizi ibaki juu, na mizizi ya juu ndiyo ya kwanza kuungua. Kisha funika udongo kwa matandazo: makumbi ya nazi, majani makavu, hata makuti ya zamani yaliyokatwakatwa. Matandazo ya unene wa kiganja hupunguza kazi ya kumwagilia kuliko kifaa chochote utakachonunua. Yaache mbali kidogo na shina lenyewe lisije likaoza.

Jambo dogo linalounguza miche mingi ni mpira wa maji uliolala juani. Maji ya kwanza yanayotoka humo huwa ya moto. Yakinge kwenye ndoo mpaka yatoke ya baridi, halafu uelekeze kwenye mimea.

Udongo ukiwa na maji na mmea bado umelala asubuhi, shuku mizizi. Kwenye vyungu na ndoo, mara nyingi matundu ya chini yameziba na mizizi inaoza. Kwenye ardhi yetu ya mchanga, ng'oa mmea mmoja uangalie: mizizi yenye vinundu kama shanga ni kazi ya minyoo fundo. Hawafi kwa dawa ya kunyunyizia majani. Pumzisha sehemu hiyo kwa marigoldi msimu mzima, na uongeze mboji kwa wingi.

Nyanya, biringani na pilipili zina adui mwingine, mnyauko wa bakteria. Mmea hulala ghafla ukiwa bado wa kijani. Kipimo chake ni rahisi. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kiweke kikining'inia ndani ya glasi ya maji safi, utulie dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka kwenye mkato, ndio huo. Hauna dawa. Ng'oa mmea pamoja na mizizi, uuchome, usiutie kwenye mboji, osha jembe na viatu, na usipande tena jamii hiyo hapo kwa misimu kadhaa. Anayekuuzia chupa ya kuponya mnyauko huu anakupotezea pesa.

Kingo za majani zimeungua, udongo una ukoko mweupe

Hapa ndipo pa kukaa zaidi, kwa kuwa ndiyo dalili ya Mombasa hasa. Mfereji ukikauka, tunageukia kisima, mkokoteni au boza, na maji ya visima vingi karibu na bahari yana chumvi. Wakati wa kiangazi huzidi, kwa sababu mvua haishuki kuyasukuma maji ya bahari yanayopenya chini ya mawe ya matumbawe, na sisi nasi tunavuta kwa nguvu zaidi.

Chumvi huanza kwenye majani ya zamani, yale ya chini. Ncha hukauka, kisha kingo hugeuka rangi ya kahawia kuelekea ndani, huku katikati ya jani kukiwa bado kijani. Ukipangusa juu ya chungu kwa kidole unakuta unga mweupe. Mbolea ya dukani ikizidi huleta dalili hiyohiyo, kwani nayo ni chumvi, na upepo wa baharini huunguza upande mmoja tu wa mmea, ule unaotazama bahari. Basi jiulize kwa mpangilio: ninamwagilia maji gani, nimetia mbolea lini, upepo unatoka wapi.

Ukiweza kuazima kipimo cha chumvi, kile kidogo kinachosoma miligramu kwa lita, kitakuondolea ubishi. Chini ya 450 maji hayana tatizo kwa mimea. Kati ya 450 na 2,000 chagua cha kupanda. Juu ya 2,000 mimea mingi ya bustani haitakuvumilia hata ukiipenda vipi.

Tiba huanza kwa kubadilisha namna ya kumwagilia. Usimwage maji ya chumvi juu ya majani. Yanapokauka huacha chumvi palepale. Mwaga shinani, mengi kwa mkupuo, ili yashuke na chumvi iliyobaki. Ukipata maji ya mfereji yasiyo na chumvi au mvua ya ghafla, yatumie kuosha udongo wa vyungu: mimina mpaka yatoke kwa wingi chini, acha yatiririke, rudia. Na usiache chungu kikae ndani ya kisahani chenye maji hayo, maana kitayanywa tena pamoja na chumvi yake.

Yale maji yanayodondoka kutoka kwa kiyoyozi chako, au cha jirani mkisikilizana, hayana chumvi. Yakinge. Mrehani, mndimu mchanga na miche ya sukuma wiki huyapenda. Usiyanywe tu.

La mwisho ni kukubali ardhi ulipo. Mchicha na spinachi huvumilia chumvi kiasi. Mnazi na bugenvilia vivyo hivyo, na mkadi umezaliwa ufukweni. Maharagwe, ndimu na machungwa hayavumilii. Mtu anayepanda maharagwe kwa maji ya kisima cha chumvi, kila mwaka, atanunua dawa kila mwaka.

Simama hapa: ikiwa maji ya kisima yaliyokuwa mazuri yamegeuka ghafla kuwa ya chumvi kali, au yana harufu, usiendelee kubahatisha. Peleka sampuli ikapimwe maabara, na kwa wakati huo msiyanywe.

Majani machanga ni manjano, mishipa imebaki kijani

Watu huona manjano wakakimbilia mbolea ya naitrojeni. Tazama ni majani yapi. Yakianza yale ya zamani na kugeuka manjano yote kwa pamoja, kweli ni njaa ya naitrojeni, na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri itatosha. Yakianza yale machanga ya juu, mishipa ikabaki kijani kama ramani, mmea umekosa chuma. Ajabu ni kwamba chuma kipo ardhini. Kisiwa chetu kimekaa juu ya matumbawe, na chokaa ya matumbawe hukifunga chuma hicho mizizi isiweze kukinyonya. Waridi, asumini na ndimu ndizo hulia kwanza.

Hakikisha kwa siki. Chukua udongo mkavu kijiko kimoja, udondoshee siki ya jikoni. Ukitoa povu na sauti ya kuchemka, una chokaa. Hutokea pia kando ya ukuta mpya ambapo mafundi walimwaga saruji iliyobaki.

Huwezi kuiondoa chokaa ya kisiwa kizima, kwa hivyo pigana pale shinani tu. Chimba shimo pana, toa vifusi na mawe, rudishia udongo mwekundu uliochanganywa na mboji. Au panda kwenye chungu kikubwa. Kwa mmea ambao umeshadhoofika, agroveti huuza chuma cha kunyunyizia majani. Fuata kipimo cha pakiti na upulize jioni. Majivu ya jiko, ambayo wengi huyatupa bustanini kwa nia njema, hapa huongeza tatizo. Yapeleke kwingine.

Kama bustani ni kubwa na umeshatumia pesa bila mafanikio, pima udongo. Kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO kipo Mtwapa, safari fupi tu kupita daraja, na ushauri wa hapo una thamani kuliko makopo yote ya dukani.

Nyanya zinatoa maua yanapukutika

Joto la usiku. Chavua ya nyanya hushindwa kazi mchana ukizidi nyuzi 32 hivi na usiku usiposhuka chini ya nyuzi 24, na usiku wa Februari na Machi wa Mombasa ndio huo. Hakuna dawa ya kupoza usiku. Unaweza kusaidia kidogo kwa neti ya kivuli, kwa kutikisa vikonyo vya maua asubuhi, na kwa kuchagua nyanya ndogo ndogo ambazo huvumilia joto kuliko zile kubwa. Lakini jawabu la kudumu ni kalenda: sia mbegu mvua za masika zinapoelekea kuisha, ili mmea utoe maua wakati wa kusi, Juni hadi Agosti, hewa ikiwa imepoa. Kaskazi uachie bamia, biringani na mchicha.

Tunda likishika kisha chini yake likawa jeusi na gumu, hilo ni tatizo jingine: kalisi haifiki kwenye tunda kwa sababu maji huja leo mengi, kesho hakuna. Mwagilia kwa utaratibu, tandaza, na mara nyingi matunda yanayofuata huwa mazima. Majani yenye mapito meupe yaliyobabuka na matundu kwenye tunda ni ya nondo Tuta absoluta, ambaye yuko Kenya tangu 2014. Kata sehemu zilizoathirika, zifunge kwenye mfuko mweusi, uziache juani.

Mpapai umefunikwa na unga mweupe kama pamba

Ule si ukungu. Ukichokoa kwa kijiti utaona vidudu vinavyotambaa, na majani chini yake yananata. Ni vidung'ata vya mpapai, waliogunduliwa huku pwani mwaka wa 2016 na kuenea kwa kasi.

Kabla ya kufanya lolote, tazama vizuri. Ukikuta baadhi yao wamefura na kukauka wakawa vigamba vya rangi ya kahawia, furahi. Kuna nyigu mdogo mno, Acerophagus papayae, asiyemdhuru mtu, ambaye hutaga ndani ya vidung'ata hao na kuwaua. Ukimwaga sumu kali utamuua yeye kwanza, nao vidung'ata watarudi kwa wingi zaidi.

Kwa hivyo anza kwa maji. Elekeza mpira wa maji kwa nguvu kwenye shina na chini ya majani, asubuhi. Majani yaliyojaa yakate uyachome. Kisha tumia maji ya sabuni, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, ukilowesha mdudu mwenyewe, maana unga wake wa nta humkinga. Mwarobaini nao hufaa: ponda mbegu kavu nusu kilo, loweka usiku kucha kwenye lita kumi za maji, chuja, tia sabuni kidogo, pulizia jioni. Rudia kila wiki. Angalia pia chungu (sisimizi) wanaopanda shina, kwani chungu huwalinda vidung'ata kwa ajili ya utamu wao.

Ikiwa kilele kimekauka na matunda yote yamesinyaa, kata mti. Mpapai mpya huzaa ndani ya mwaka.

Embe zina funza

Inzi wa matunda, karibu kila mara. Yule msumbufu zaidi, Bactrocera dorsalis, alionekana Kenya kwa mara ya kwanza 2003. Funza akishakuwemo, tunda hilo halina dawa. Unachoweza kuokoa ni mavuno yanayofuata. Okota embe zilizoanguka kila siku, hata zile mbovu za pembeni, uzifunge ndani ya mfuko mweusi na kuuacha juani siku kadhaa. Kuzitupa nyuma ya ukuta ni kumfuga. Chuma embe zako, ngowe au boribo, zikiwa zimekomaa lakini bado ngumu, uziivishe ndani.

Mnazi unaangusha vidaka, au makuti yamekatwa pembe

Vidaka kuanguka ni kawaida. Mnazi hauwezi kubeba vyote, na wakati wa kiangazi huangusha zaidi. Ondoa hofu kwanza, uumwagilie. Lakini viking'oka karibu vyote, na vitale (vidaka vilivyokua kidogo) vikawa na makovu marefu yenye gundi iliyoganda, shuku kunguni wa minazi anayefyonza nazi changa.

Na hapa nina ombi. Wale maji moto, chungu wekundu wanaoshona majani na kuuma vikali, ndio walinzi wa mnazi dhidi ya kunguni huyo. Mnazi wenye maji moto wengi huzaa. Nawaelewa wanaowachoma kwa sababu watoto wanaumwa chini ya mti, lakini afadhali kuuhamisha mkeka.

Makuti mapya yakifunguka yakiwa yamekatwa kwa umbo la pembe tatu, kama kwa mkasi, huyo ni mdudu aitwaye chonga. Huingia kileleni usiku. Mabuu yake hukulia kwenye magogo ya minazi yaliyooza na kwenye marundo ya samadi, basi anza huko: gogo lililolala uani lipasue ulichome. Mkwezi mzoefu humtoa chonga kileleni kwa waya wenye ndoano, kisha hutia mchanga uliochanganywa na chumvi kwenye makwapa ya makuti ya juu.

Usipande mwenyewe. Mwite mkwezi, na umwite pia kabla ya msimu wa upepo aangue nazi na makuti makavu yanayoning'inia juu ya baraza, gari au mahali watoto wanapochezea. Mnazi ulioinamia nyaya za umeme hata mkwezi asiuguse mpaka watu wa umeme waje. Na kuti changa la katikati likining'inia, ukalivuta likatoka lenyewe na kunuka, moyo umeoza. Huo ni wa kukatwa, na ukatwe na mwenye kazi yake.

Mbu wamewafukuza barazani

Uliza wanauma saa ngapi. Wanaouma mchana na alasiri, wenye miguu ya madoa meupe, ni wale wanaoeneza dengi na chikungunya, na hawasafiri mbali. Ukiumwa nao uani kwako, yaelekea wamezaliwa uani kwako au kwa jirani wa ukutani.

Zunguka ua mzima na uanze na visahani vya vyungu. Kisha kifuu kilicholala chali, tairi, mtungi usiofunikwa, tangi lenye mfuniko uliopasuka, mfereji wa paa ulioziba majani. Yai hadi mbu mzima ni siku saba hadi kumi kwenye joto letu, kwa hivyo mara moja kwa wiki yatosha, ilimradi usiruke wiki. Kumwaga maji pekee hakutoshi: mayai hushikamana na ukuta wa chombo na hukaa makavu miezi mingi yakisubiri maji. Sugua kwa brashi.

Mtu akipata homa kali, maumivu nyuma ya macho na viungo, apimwe malaria na dengi. Asimeze aspirini wala ibuprofeni kabla ya kujulikana. Tumbo likiuma sana, akitapika mfululizo au akivuja damu kwenye fizi au puani, ni hospitali saa hiyohiyo.

Pampu inanguruma lakini maji hayatoki

Hakikisha kisimani kuna maji na koki ziko wazi. Halafu hewa: pampu iliyokaa bila kazi hupoteza maji yake ya ndani, yajazwe upya kupitia kizibo cha juu. Ikinguruma bila kuzunguka, huenda kapasita imekufa au chumvi imeganda ndani, na zote mbili ni kazi ya fundi. Usiiache ikinguruma, itaungua.

Ukihisi mshtuko hata mdogo ukigusa pampu, bomba au maji yenyewe, usirudi kugusa. Zima swichi kuu ya nyumba, watoe watu, mwite fundi umeme mwenye leseni. Hewa ya chumvi hula viunganishi na waya wa ardhi kimyakimya.

Kipande kimoja cha ua kimestawi mno, tena kinanuka

Wakati kila kitu kimekauka, nyasi nene za kijani mahali pamoja ni maji yanayovuja. Funga mita ya maji au zima tangi usiku, uangalie kama asubuhi pamekauka. Pakikauka ni bomba, mwite fundi bomba. Pasipokauka, na kuna harufu, ni shimo la maji taka limejaa au limepasuka. Msile mboga za hapo, watoto wasicheze hapo, na kisima kilicho karibu msikitumie mpaka kipimwe.

Ita gari la kunyonya maji taka. Asishuke mtu shimoni, wala kisimani, hata kwa dakika moja kuokota ndoo. Hewa ya chini huangusha mtu kabla hajaita, na mara nyingi anayefuata kumwokoa hufa pamoja naye. Funika shimo kwa zege au bati zito, weka alama, na mkae mbali mpaka wenye vifaa wafike.